Tofu kwa Wakwe

Kabla soya haijaingia nyumbani kwake, Kimaiyo alikuwa na tumbo tu, na tumbo lenyewe halikuwa na maneno mengi. Likinguruma alilipa nyama, likinyamaza alilipa chai ya maziwa. Siku hizi ana kolesteroli. Ana mishipa. Ana presha yenye namba mbili, moja ya juu na moja ya chini, na binti yake Linet anazijua namba hizo kuliko anavyoijua siku yake mwenyewe ya kuzaliwa.

Kimaiyo ni Msabaot wa Kapsokwony aliyeteremka mlima akiwa kijana, akapata shamba la mahindi nje kidogo ya mji wa Kitale. Mkewe Chemutai alifariki mwaka juzi. Presha ilimwangusha jikoni mchana kweupe, na aliyemkuta sakafuni ni Linet. Baada ya mazishi Linet alimburuta baba yake hadi kliniki moja mjini, na huko daktari akamwambia ameze dawa kila asubuhi, aachane na mafuta, apunguze nyama nyekundu na atafute protini kwingine. Hilo neno "kwingine" ndilo lililoleta taabu yote. Kimaiyo alilielewa kuwa ni mbuzi. Linet alilielewa kuwa ni tofu.

Basi tofu ikaanza. Linet alikuwa akiuza dawa za mifugo na mbegu katika duka moja la Kitale, na huko ndiko alikojifunza kwa kina mama waliokuja kununua mbegu za soya. Alizisaga, akapika, akachuja, akakamulia ndimu mpaka maziwa yakakatika, kisha akafunga yale mabonge kwenye kitambaa na kuyagandamiza kwa betri kuukuu ya trekta. Kilichotoka hapo kilikuwa kipande cheupe, cha mraba, kisicho na harufu wala mfupa. Kimaiyo alikigusa kwa ncha ya uma akauliza kama kimeiva au bado kiko hai.

Linet hakucheka. Alimweleza kwa upole wa kuchosha kwamba hiyo ni protini kamili, maana ina vile vijenzi vyote ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe, sawasawa na nyama. Haina kolesteroli hata chembe. Mafuta yake ni yale yasiyoziba mishipa. Ina madini ya chuma kwa ajili ya damu na kalisiamu kwa ajili ya mifupa, na mtu akiila mahali pa nyama ya mafuta, ile kolesteroli mbaya hushuka kidogo kidogo. Kimaiyo alisikiliza yote hayo akiwa amekunja mikono. Alisema anafurahi sana kusikia kwamba kitu hicho kina kila kitu, isipokuwa ladha.

Kilichomuudhi zaidi ni kuku. Makapi ya soya yalikuwa yakitupiwa kuku wake, nao wakanenepa wakawa wanatembea kwa shida. Kuku wananawiri, mwenye kuku anakonda. Kila jioni Linet aliweka sahani mezani, tofu imekaangwa kwa kitunguu, nyanya na dania, sukuma wiki pembeni na ugali wa kiasi, kisha akauliza swali lile lile.

"Baba, hata kidogo tu?"

"Mimi si kuku," Kimaiyo alijibu, akala ugali na sukuma, akaiacha tofu ikimwangalia. Kesho yake alipita kwa mchoma nyama wa stendi.

Sasa, msimwonee huruma haraka. Mzee huyu hakuwa akiikataa tofu kwa sababu ya ladha. Siku moja Linet alichelewa kazini, na Kimaiyo, kwa njaa na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona, alipasha moto ile ya jana akaionja. Akaonja tena. Akamaliza sahani nzima, akaipangusa kwa ugali, na Linet aliporudi akaambiwa kwamba mbwa ameingia jikoni. Mbwa alichapwa kwa maneno, naye akavumilia.

Sababu ilikuwa nyingine, na Kimaiyo aliijua vizuri. Linet alikuwa na mchumba, Mukhisa, mwalimu kutoka Kibabii upande wa Bungoma, ambaye walijuana wakisoma chuo. Wiki chache baada ya mazishi Kimaiyo alimsikia Linet akiongea naye kwa simu barazani. Alimwambia hawezi kuolewa na kumwacha baba akila vile anavyokula. Siku baba atakapojua kujitunza, hiyo ndiyo siku atakayokuja. Mzazi mwingine angeguswa na maneno hayo akaanza kula vizuri. Kimaiyo aliguswa kabisa, na ndiyo sababu aliamua kutokula. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tofu ikiingia kinywani, binti atatoka mlangoni.

Alijua si haki. Mukhisa alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa amengoja bila kununa. Lakini Kimaiyo aliiogopa ile nyumba. Aliogopa jioni ambayo angeita "Linet" na kujibiwa na friji. Kwa hivyo aliendelea kuwa mkaidi, na watu wakasema mzee wa watu anapenda nyama, hata akawaitikia.

Mambo yalikaa hivyo mpaka familia ya Mukhisa ikaomba wazazi wa msichana waje kuona boma. Kimaiyo alikubali upesi kiasi cha kumshangaza Linet. Alijiambia kwamba kuona boma si kuoza. Halafu kulikuwa na jambo la pili ambalo hakulisema kwa sauti. Wabukusu wanajulikana kwa kuku. Mgeni wa heshima kwa Wabukusu hawekewi kipande, anawekewa kuku mzima, ajihakikishie kila kiungo kipo, na firigisi inakuja mbele yake kama cheti. Mbele ya wakwe, Linet asingeweza kumpokonya sahani. Kimaiyo aliiona safari hiyo kuwa likizo.

Aliyepewa kazi ya kupiga simu Bungoma ni Bethwel, ndugu yake mdogo, anayeishi bado Kapsokwony mahali ambapo mtandao huja na kwenda na upepo. Bethwel alipanda mpaka kwenye kichuguu anachokiamini, akampigia mama yake Mukhisa, mjane aitwaye Phelista, na kwa kuwa ni mtu wa kujisifu, alimweleza wao ni watu gani na kwamba wana desturi zao. Phelista alimjibu kwa heshima kubwa. Siku ya pili alituma ujumbe kwamba Jumamosi anajua haiwezekani, waje Jumapili. Kimaiyo alijiuliza kwa nini Jumamosi haiwezekani. Akaona labda ni siku ya kuwakamata kuku.

Jumapili hiyo Kimaiyo hakula asubuhi. Alivaa koti la harusi yake mwenyewe, ambalo sasa lilifunga kifungo kimoja tu, wakaingia kwenye pikapu ya Bethwel yeye na Linet. Walipofika Kibabii walipokelewa kwa nyimbo, wakaingizwa sebuleni kwenye vitambaa vya kufumwa kila mahali, hata juu ya redio. Phelista aliwasalimu kwa mikono miwili. Kando yake alikuwa shemeji yake, Mzee Wepukhulu, aliyesimama mahali pa marehemu baba yake Mukhisa. Wepukhulu alikuwa mtu wa mwili mkubwa na uso wa majonzi, na Kimaiyo alidhani pengine wamefiwa.

Chai ilikuja kwenye birika kubwa. Kimaiyo alimiminiwa, akapuliza, akanywa. Haikuwa chai. Ilikuwa uji mwepesi wa rangi ya udongo, na aliijua ladha yake kwa sababu aliikimbia kila asubuhi nyumbani kwake. Ilikuwa soya. Alimtazama Linet. Linet naye alikuwa ametazama kikombe chake, kisha akatabasamu kidogo, na tabasamu hilo likatosha kuwa ushahidi.

Hapo hapo Kimaiyo alielewa, au alidhani ameelewa. Huyu mtoto amepiga simu. Amewaeleza wakwe habari za presha yake, namba ya juu na namba ya chini, amemvua nguo mbele ya watu ambao leo ndiyo mara ya kwanza anawasalimu. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Bethwel, ambaye alikuja hasa kwa sababu ya kuku, alikuwa anakizungusha kikombe akitafuta majani ya chai chini.

Kisha chakula kikaja. Kilikuwa kingi, hilo mtu asilikatae. Kulikuwa na wali, ugali wa wimbi, mboga za kienyeji za aina zote ambazo ardhi ya Bungoma inakubali kuzitoa, na katikati, kwenye hotipoti kubwa ya wageni, tofu. Tofu ya kukaanga. Tofu ya mchuzi. Tofu iliyosagwa ikafinyangwa kama kababu. Na kwenye sahani ndogo ya udongo, mbele ya Kimaiyo peke yake, kulikuwa na kipande kimoja kilichokatwa kwa ustadi kikapewa umbo la firigisi. Huko nje, chini ya dirisha, jogoo aliwika kwa raha zake.

Mpishi mwenyewe alijitokeza akijifuta mikono. Aliitwa Rosaline, jirani, na Phelista alimtambulisha kwa fahari kwamba amekuja kusaidia kwa sababu yeye ndiye anayejua vyakula hivi. Rosaline hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alisimama kati ya watu wenye njaa na chakula chao, akaanza. Hiyo ni protini kamili, alisema. Haina kolesteroli hata chembe. Kimaiyo alimaliza sentensi zilizofuata kimoyomoyo, chuma, kalisiamu, mishipa, neno kwa neno, bila kukosea. Lakini Rosaline alikuwa na nyongeza zake. Alisema tofu imemponya mjomba wake goti, ikamrudishia shangazi macho, na kuna mzee wa Matulo aliyeitupa fimbo yake.

Linet alishindwa kunyamaza. Alisema kwa adabu kwamba habari ya goti na macho haijui, ila kushusha kolesteroli kidogo hilo ni kweli, na mwenye dawa za presha asiziache. Rosaline alimwangalia kwa huruma, kama mtu mwenye imani haba. Kimaiyo aliona hilo nalo ni la kupangwa. Alikula ugali na mboga, akaiacha firigisi ya soya palepale ilipo. Wepukhulu alikuwa akitafuna kababu yake polepole sana, macho yameelekea dirishani kwa jogoo.

Kimaiyo alipoomba kutoka nje kunyoosha miguu, Wepukhulu alisimama naye haraka, akasema atamwonyesha ng'ombe. Walipofika zizini hakuonyesha ng'ombe yeyote. Alikaa kwenye gogo.

"Mkwe, niulize kitu na usikasirike."

"Uliza."

"Hii chakula, nyinyi Wasabato munakura hivi kila siku, ama ni ya wageni tu?"

Kimaiyo alimtazama. "Wasabato gani?"

"Si nyinyi. Ndugu yako aripigia mama Mukhisa simu. Akasema sisi ni Wasabato, tuko na desturi zetu."

"Wasabaot," Kimaiyo alisema taratibu. "Watu wa mlima."

Wepukhulu alivua kofia. Alieleza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kwamba Wasabaot anawajua tangu utotoni, ameuza nao viazi soko la Chwele miaka yote, na nyama wanavyokula ameona kwa macho yake. Lakini simu haikushikwa na yeye. Phelista alisikia Wasabato, wale wa kanisa la Jumamosi, akaogopa kuwakwaza wakwe, akamkimbilia Rosaline, ambaye ni Msabato wa wale wasiogusa nyama wala majani ya chai. Jumamosi ikafutwa. Majani ya chai yakafichwa chumbani. Watu wa boma wote wakakatazwa kutafuna nyama tangu jana yake, wasije wakanuka mbele ya wageni.

"Mimi toka jana ni maboga," Wepukhulu alisema. "Mkwe, ingokho, hizi kuku, ziko. Ile jogoo ilikuwa ya leo kabisa, ikasamehewa. Ingia useme tu hiyo neno moja. Maji ya kunyonyoa itachemka sasa hivi."

Kimaiyo alicheka mpaka akashika ukuta wa zizi. Alicheka kwa faraja, kwa sababu Linet hakuwa amemsaliti, hakuwa amempigia simu mtu yeyote. Halafu alifikiria kuku. Alimfikiria mzimamzima, na mchuzi wake, na firigisi ya kweli. Alimpa Wepukhulu mkono wakakubaliana, wakarudi kwa furaha ya watu wanaojua jambo ambalo wengine hawajui.

Njia ya kurudi ilipita nyuma ya jiko. Wepukhulu alitangulia kwa hatua ndefu, njaa ikimsukuma. Kimaiyo alibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu, na hapo akasikia sauti ya Linet ndani, ikiongea na Phelista.

"Mama, naomba muniwekee mwaka moja tena. Umeona mwenyewe, hata hapa kwa wageni amekataa kuguza. Nikitoka, huyu mzee atarudia mafuta kesho yake."

Phelista alimuuliza Linet kwamba Mukhisa atangoja mpaka lini.

"Sijui. Akichoka kungoja, sitamlaumu," Linet alisema.  "Mama yangu nilimpata kwa floor, na sufuria bado iko kwa moto. Sitaki kuja kumpata na yeye. Afadhali nikose hii ndoa."

 Kilichosikika ni kijiko kikigonga ukingo wa sufuria, kisha hata hicho kikaacha.

Kimaiyo alibaki ameinama. Kamba ilikuwa imekwisha kufungwa. Kwa miaka miwili alikuwa amemwona binti huyu kama askari wa jikoni, na ukaidi wake mwenyewe aliuona kama mzaha wa mzee mpweke, mzaha ambao haukuwa ukimgharimu mtu kitu isipokuwa mbwa. Hakujua kwamba Linet alikuwa amekwisha kuipima ndoa yake na kuiweka chini. Aliona aibu. Aliona aibu nzito, ya kumfanya mtu mzima atamani kujificha zizini kwa watu wasio wake.

Alipoingia sebuleni, Wepukhulu alikuwa amekwisha kukaa akimngoja, uso umechangamka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kijana mmoja wa boma, kwa ishara aliyopewa, alikuwa amesimama mlangoni akimkadiria jogoo. Linet alikuja na Phelista kuondoa vyombo. Wepukhulu alikohoa, akatangaza kwamba mkwe ana neno.

"Niko nalo," Kimaiyo alisema.

 Bethwel aliinua kichwa. Kimaiyo alivuta ile sahani ndogo ya udongo karibu, akachukua firigisi ya soya kwa vidole, akaitia kinywani yote, akatafuna. Alimaliza. Akainua kifuniko cha hotipoti, akajipakulia tofu ya mchuzi, vipande vikubwa, akaanza kula mbele ya watu wote bila haraka. Wepukhulu alimwangalia kama mtu anayeangalia daraja likichukuliwa na mto.

Linet alikuwa amesimama na sahani mkononi. Alidhani anadhihakiwa. Uso wake ulikuwa umejiandaa kwa maneno ya kuku na mbwa.

"Linet," Kimaiyo alisema, "hii soya, unaloweka usiku ama asubuhi?"

 Tangu soya iingie nyumbani kwao, baba yake hakuwahi kuuliza inalowekwa lini. Ilipoanza kusagwa yeye alienda ghalani, na ilipoiva alikuwa na shughuli kwa jirani. Linet alimtazama usoni akitafuta kejeli, akaikosa.

"Usiku, baba," alisema.

"Na maji yake, unamwaga ama unasagia nayo?"

"Namwaga. Halafu... halafu natia mapya."

"Sawa. Utanionyesha kabla mwezi uishe. Nataka nijue mwenyewe."

Phelista aliweka mkono mdomoni. Mukhisa, ambaye alikuwa amekaa pembeni tangu asubuhi akijitahidi asionekane, alisimama, kisha akakaa tena kwa kukosa la kufanya. Linet aliiweka sahani mezani vibaya, nusu ikiwa nje, akapiga magoti kando ya kiti cha baba yake, akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wakwe, bila kujifunika.

Rosaline alidhani ni nguvu ya mafundisho yake, akaanza kueleza namna ya kuchuja. Hakuna aliyemsikiliza. Kimaiyo aliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha binti yake, na kwa mkono wa kulia akaendelea kula, kipande baada ya kipande, kwa sababu angeacha kutafuna angelia na yeye.